Upande wa Bati

Baba yangu anaona. Naanza na hilo kwa sababu mjini Meru kuna watu wengi, wema wote, wanaoamini kwamba haoni, na kila nikikutana nao wananishika mkono na kuniuliza, kwa sauti ile ya matangani, macho ya mzee yanaendeleaje. Yanaendelea vizuri. Anatunga uzi kwenye sindano bila kukunja uso. Anasoma tarehe kwenye pakiti ya maziwa akiwa upande wa pili wa meza, kisha ananiambia nisinunue tena duka lile. Anayevaa miwani katika familia yetu ni mimi.

Baba ni fundi wa plasta, lakini si wa kupaka kuta tu. Kazi yake hasa ni ile mikanda ya urembo inayozunguka chumba pale ukuta unapokutana na dari, imevimba hapa, imezama pale, ambayo watu huiona wakiwa wamelala chali hospitalini au wamechoshwa na mahubiri. Wengi hudhani hununuliwa dukani. Ya baba haikununuliwa. Alichukua kipande cha bati, akakata ukingo wake kwa mkasi, akausugua kwa tupa mpaka ukapata umbo alilotaka, akalipigilia kwenye ubao mdogo. Kisha alipanda jukwaa na kuliburuta juu ya plasta mbichi, kwenda tu bila kurudi nyuma, akiongeza plasta na kuburuta tena, mara kumi, mara kumi na tano, mpaka mkanda ukatoka laini toka kona hadi kona. Mkono ukitetemeka katikati ya safari, anabomoa yote na kuanza upya.

Mabati yenyewe aliyatundika jikoni kwa mama, kwenye misumari iliyo juu ya sufuria, na kila mkunjo ulikuwa na jina. Palipovimba aliita tumbo. Palipokatwa kuingia ndani aliita pengo, kama la jino. Kulikuwa na bati lililopinda mara mbili, tumbo likianza juu na pengo likifuata chini. Hilo liliitwa tumbo-juu. Ndugu yake aliyegeuzwa aliitwa pengo-juu. Maneno haya niliyajua kabla ya kujua kusoma.

Ila kuna kitu kimoja sikukijua, na hasira yangu ya kwanza iko hapo, kabla hata hatujafika kwa watu wa kanisa. Wasichana hawapandi jukwaa. Kaka zangu wawili walipandishwa, wakalalamikia vumbi, wakaacha. Mimi niliyetaka nilitumwa kupeleka githeri na chupa ya chai. Nilisimama chini na wanawake waliokuwa wakichota maji ya saruji, nikatazama juu. Baba alitamka tumbo, mkono wake ukiwa kule darini, nami nikaona ukuta umevimba karibu na mkono wake, nikajiambia lile ndilo tumbo. Hakuna aliyenisahihisha. Nani angejua kwamba mtoto wa kubeba chakula anajifunza kazi?

Nilikuja kusomea uchoraji wa majengo. Chuoni tulifundishwa mikunjo ile ile kwa majina ya vitabu. Ovolo ni uvimbe wa robo duara. Kaveto ni mzamo wa robo duara. Torasi ni uvimbe mnene unaozunguka chini ya nguzo, na skotia ni mzamo ulio kati ya torasi mbili. Sima rekta inazama juu na kuvimba chini. Sima reversa inavimba juu na kuzama chini. Wenzangu walikuwa wakikariri usiku na mchana huku wakilaani. Mimi sikukariri. Nilichukua kila jina nikalitundika kwenye msumari wake jikoni kwetu: ovolo, tumbo, kaveto, pengo, sima rekta, pengo-juu. Nilipata alama za juu kuliko wote, nikajiona mjanja. Baba sikumwambia kitu. Sijui nilikuwa naona haya au nilikuwa na kiburi. Siku hizi sioni tofauti.

Nikapata kazi Embu, katika ofisi ya mchoraji majengo mmoja aliyekuwa na tabia ya kunitambulisha kwa wateja kwa kusema, "Huyu ni msichana wetu, lakini anajaribu." Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minne. Ofisi ile ndiyo iliyopewa ramani ya kanisa jipya kule nyumbani Meru, kanisa letu wenyewe, na kamati ya ujenzi ikasema fundi wa mikanda ya dari yupo, ni muumini, mbona tutafute mbali. Baba alinipigia simu siku hiyo akicheka tu. Alikuwa amebaki bila kazi kubwa kwa muda, kwa sababu watu sasa wanabandika mikanda ya povu, lile povu jeupe linalofungiwa televisheni. Aliniambia hii ndiyo atakayoiacha, wajukuu waitazame wakichoka na mahubiri. Nilicheka naye. Nilifurahi, kweli kabisa nilifurahi.

Bosi wangu alichora mkanda mzuri lakini aliuchora mdogo, hauzidi ukucha wa kidole gumba, pembeni ya karatasi, na mishale minne ya majina, ovolo, kaveto na mengine, sima rekta ikiwa juu kabisa. Baba hasomi majina hayo. Akaniomba nimwandikie kwa maneno yake, toka juu kwenda chini, atajua la kufanya. Nilimwandikia Ijumaa moja mchana, dakika chache kabla ya kufunga ofisi. Orodha safi, mistari minne. Nilijisikia nimeunganisha vitu viwili vilivyokuwa vikingojana maisha yangu yote.

Jumanne iliyofuata nilikuwa kwenye foleni katika ofisi za kaunti pale Embu, nikisubiri mhuri wa ramani nyingine, nimeshaambiwa mara tatu kwamba anayepiga mhuri ametoka kidogo. Simu ikalia.

"Mwari," baba akasema, na hivyo ndivyo Wameru wanavyomwita binti, "hii karatasi yako, ni ya bati ama ni ya ukuta?"

"Baba, ni ya kazi. We fuata tu vile nimeandika."

"Nitafuata. Nauliza tu, kwa sababu..."

"Niko kwa laini hapa na hawa watu wananisumbua. Nitakupigia."

"Sawa. Mungu akubariki huko kazini."

Sikumpigia. Mwenye mhuri alirudi, nikasahau.

Kwa yeyote ambaye hajawahi kushika bati, nieleze, maana mimi mwenyewe nilielezwa nikiwa nimechelewa. Bati na ukuta ni vitu vinavyopingana. Bati likivimba, linakwangua plasta na ukuta unazama. Bati likikatwa pengo, plasta inajaa katika lile pengo na ukuta unavimba. Fundi hana haja na majina ya ukuta, kwa sababu mkononi mwake ameshika bati. Tumbo la baba ndilo kaveto ya vitabu. Pengo lake ndilo ovolo. Mistari yangu minne yote ilikuwa imepinduliwa, na baba, ambaye alikuwa amekata mabati tangu ujana wake, aliinusa orodha ile akaona ina kasoro, akauliza swali moja tu, lile lile lililohitajika. Nami nikamjibu kama karani anavyomjibu mtu wa shamba.

Akafuata. Aliburuta ukuta mrefu wa kushoto, wa kulia, na ule wa nyuma. Nilitumiwa picha. Zilionyesha mkanda laini, mistari imenyooka, na sikugundua chochote, kwa sababu kwenye picha uvimbe na mzamo hutegemea tu mwanga umetoka wapi. Niliwaonyesha wenzangu ofisini nikasema huyu ni baba yangu.

Kisha vikafika vichwa vya nguzo. Hivyo viliagizwa Nairobi vikiwa tayari, vimefuata ramani sawasawa, na mkanda ulitakiwa uungane navyo uwe kitu kimoja. Walipokipandisha cha kwanza, kila mahali palipovimba kwenye nguzo palikuwa pamezama ukutani. Bosi akanituma nikaangalie.

Nilikuta watatu wananisubiri chini ya jukwaa: msimamizi wa jengo mwenye kofia ya plastiki, mwenyekiti wa kamati, ambaye ni mwalimu mkuu mstaafu na huongea na kila mtu kama yuko kwenye gwaride la asubuhi, na baba. Nilitazama juu nikaelewa mara moja. Ndani ya faili nililolikumbatia kulikuwa na nakala ya orodha yangu.

"Mzee," mwenyekiti akasema, "si ni wewe ulikata hii bati? Na ukaenda kuta tatu, tatu mzima, na hukuona haifanani na drooing, na ramani?"

Baba aliniangalia. Haikuwa muda mrefu. Kama angesema "Muulize huyu," ningemlaumu leo? Nisingeweza. Niliona akihesabu kitu kichwani, kisha akageuka kwa mwenyekiti.

"Macho imechoka kidogo," akasema.

Mwenyekiti akalegea papo hapo. Sauti ya gwaride ikaisha, akamshika baba bega. "Pole, mzee wetu. Hiyo ni umri. Si makosa yako." Msimamizi akatingisha kofia yake. Wote wakawa na huruma, na mimi nikasimama pale na faili langu, mdomo umefungwa kana kwamba umepigwa plasta. Najua nilichofikiria. Nilifikiria bosi wangu akisema, "Si niliwaambia ni msichana?" Nilifikiria hilo, na baba yangu akiwa hatua mbili kutoka kwangu akijitangaza kipofu.

Halafu nikafanya baya zaidi. Nilirudi Embu nikaandika ripoti. Niliandika kwa mkono wangu: fundi hakuzingatia ramani, inashauriwa asiendelee na kazi. Bosi aliisoma akanisifu kwa kutopendelea ndugu. Naandika haya na bado nasikia joto masikioni.

Kuta zikabomolewa. Baba hakukaa nyumbani siku hiyo. Alisimama chini na kuwaelekeza vibarua waanze kugonga wapi ili dari lisipasuke, na jioni aliwasaidia kufagia. Alipomaliza alinikabidhi mimi, niliyetumwa na ofisi kushuhudia, karatasi yangu, imekunjwa mara nne, ina alama za vidole vya saruji. "Chukua karatasi yako," akasema. Palipokuwa na mkanda wake wakabandika povu kwa gundi, siku mbili, kazi kwisha.

Kama watu wangesema tu kwamba fundi alikosea, angeendelea kupata kazi. Fundi yeyote hukosea. Lakini walisema haoni, na hakuna anayempandisha kipofu juu ya jukwaa. Waliokuwa wakimletea kazi walianza kumletea ndizi. Pale sokoni Gakoromone akina mama walianza kumchagulia nyanya na kumtajia rangi zake. Mmoja alitoka nyuma ya magunia ya viazi akamshika mkono kumvusha barabara ambayo amevuka maisha yake yote, naye akavushwa. Nilikuwa nyuma yake na vikapu. Nilitaka kupiga kelele pale pale katikati ya kabichi. Yeye alimshukuru yule mama, na alipofika ng'ambo akasimama kidogo mpaka yule mama alipoondoka.

Nilienda nyumbani wiki moja baadaye nikakuta misumari ya jikoni haina kitu. Mabati yote alikuwa ameyafunga kwenye gunia akalisukuma chini ya kitanda. Mama hakunitazama usoni. Sijui kama alikuwa ameambiwa au alijua tu. Nikasema basi, yatosha, afadhali niwe na aibu kuliko hivi.

Niliomba kuonana na kamati. Walinipokea katika chumba kidogo nyuma ya madhabahu: mwenyekiti, mchungaji, na mama mmoja mweka hazina. Niliwaambia yote bila kujipendelea: orodha, simu, foleni, ripoti. Nikaiweka ile karatasi mezani. Mwenyekiti akavaa miwani, akaweka ramani kando yake, akaanza kulinganisha kwa kalamu, neno kwa neno, kama anayesahihisha mtihani.

"Ovolo. Hapa kwa ramani imevimba. Wewe umeandika tumbo. Si tumbo ni kitu imevimba?"

"Ndiyo, lakini kwa fundi..."

"Kaveto imeingia ndani. Umeandika pengo. Hata hiyo ni sawa." Akavua miwani. "Madam, hii karatasi haina makosa hata moja. Mbona unataka kujibebesha?"

Nikawaambia neno ni la bati, si la ukuta. Wakanitazama kwa upole. Nikaona maneno hayatafika popote. Nilikuwa nimechomoa bati moja kutoka kwenye gunia, nikalitoa mkobani, nikaenda nje kwenye tuta la maua lililokuwa limetoka kumwagiliwa, nikapiga tope juu ya ukingo wa matofali. Wakanifuata wote watatu. Nikaweka bati nikaliburuta, nikitaka waone kwa macho yao tumbo likichimba na pengo likijaza. Bati likaruka. Nikarudia. Tope likaja na bati lote, likaacha matofali. Mara ya tatu nililigandamiza kwa nguvu nikajikata kiganja. Hakukuwa na tumbo wala pengo, kulikuwa na uchafu tu, na mimi, mwenye diploma ya majengo, binti wa fundi, sijui kuburuta bati hata kwa urefu wa mkono. Hawakunipandisha jukwaani. Hiyo ndiyo habari yenyewe, nami sikuwa na pumzi ya kuwaambia.

Yule mama mweka hazina akanifunga kiganja kwa leso yake. Macho yake yalikuwa na machozi.

"Unampenda sana babako," akasema. "Mungu ameona."

"Si mapenzi, mama. Ni ukweli nawaambia."

"Tunaelewa, mwanangu," mchungaji akasema. "Tutamwombea."

Nimewahi kutukanwa na watu, na sijawahi kukasirika kama nilivyokasirika kwa yale maneno ya huruma. Niliwauliza kama wanadhani mimi ni mwongo. Wakasema hapana, wanadhani mimi ni mtoto mzuri. Ningemwambia nani tena? Bosi nilimwambia, akasema ripoti imeshafungwa na nisimletee mambo ya familia.

Waliomba kweli. Jumapili ya pili baada ya hapo mchungaji alitangaza kwamba kuna mzee wetu, mtumishi, aliyepoteza nuru ya macho katika kuijenga nyumba hii, na akamwita baba mbele. Nilimshika koti. Nilimwambia kwa Kimeru asiende, nikamwambia nitasimama sasa hivi niseme kwa kipaza sauti. Alitoa vidole vyangu kwenye koti kimoja kimoja, taratibu, kama anayetoa bati kwenye plasta mbichi asiiharibu.

"Umeshasema," akanijibu. "Walikuamini?"

Akaenda. Mashemasi wawili walikimbia kumshika viwiko, wakampandisha ngazi mbili za madhabahu wakimhesabia, moja, mbili, mzee. Alipiga magoti. Wakampaka mafuta kwenye paji la uso na juu ya kope, watu mia tatu wakanyoosha mikono, wengine wakilia. Alikuwa amefumba macho kwa sababu ya mafuta. Kisha akayafumbua, akabaki ameinua uso juu, na mchungaji akasema aleluya.

Alirudishwa kwenye benchi akaketi kando yangu. Alitoa kitambaa akajifuta. Kwaya ilipoanza aliinama karibu na sikio langu, akaongea kwa Kimeru, midomo haisogei sana.

"Kona ya tatu, upande wa akina mama. Ile povu imeachana na ukuta. Ni kama upana wa ukucha, lakini inaendelea kufunguka. Itaangukia mtu."

Nilimwambia tutawaambia wakimaliza, atawaonyesha mwenyewe, na hapo wataona kwamba anaona. Nilikuwa tayari nimeshainuka nusu.

"Kaa chini. Wakijua naona, watauliza ilikuwaje kazi ile ikaharibika nikiwa naona. Hapo nitakuwa fundi mjinga, na wewe utakuwa mtu wa kudanganya kwa ripoti. Wacha ikae." Alikunja kitambaa akakirudisha mfukoni. "Waambie ni wewe umeiona."

Nilitazama juu, kona ya tatu, upande wa akina mama. Nilivua miwani, nikaifuta kwa leso, nikaivaa, nikatazama tena. Sikuona kitu.